Ndege yangu kwenye mizani ya tumbaku

Kiroba cha nane ndicho kilichonimaliza. Nilikuwa nimelaza bawa la ndege ya kiti kimoja ninayoiunda mwenyewe, kifudifudi juu ya mapipa, uani kwangu hapa Ng'ambo, Tabora, dogo ananipokeza viroba vya mchanga, kila kimoja kilo 25. Bawa hupimwa likiwa limepinduliwa, kwa sababu angani husukumwa kwenda juu. Ukiligeuza, mchanga unafanya kazi ya upepo. Ndege na mimi ndani yake tungekaribia kilo 200, na ndege nyepesi za aina hii hupimwa mabawa kwa mara nne ya uzito huo, yaani viroba kumi na sita kila upande. Kilipotua cha nane, bomba kuu likalia kama muwa unaovunjwa gotini, likakunjika.

Kosa lilikuwa la kifundi, na fundi ni mimi. Natengeneza madirisha na milango ya alumini, nikajua alumini ni alumini. Kumbe bomba la dirisha ni alumini ya aina ya 6063, laini, limekusudiwa kupendeza na kukatika kirahisi. Bomba la ndege ni 6061-T6, na nguvu yake inakaribia mara mbili. Ukiyashika mkononi huoni tofauti. Mchoro nilioununua ulikuwa umeandika namba hiyo kila ukurasa, mimi nikaisoma kama mtu anavyosoma masharti ya mkopo.

Nikadunduliza miezi minne, mabomba ya haki yakaja kwa treni kutoka Dar es Salaam. Bawa jipya likabeba viroba vyote kumi na sita. Lilipinda kama upinde, nikavishusha kimoja kimoja, likarudi pale pale kwenye alama ya chaki. Usiku ule sikulala kwa furaha. Mama watoto naye hakulala, ila yeye alikuwa anawaza bati za jikoni.

Tulipoanza kuvisha mabawa nguo ya dakroni ndipo mtaa ukajua. Nguo ile inagundishwa, halafu inapigwa pasi ili ijikaze kama ngozi ya ngoma. Pasi ya mkaa haifai hata kidogo, joto lake halisomeki. Nikaazima ya umeme kwa fundi cherehani. Basi kila anayepita: "Fundi, huu ungo wako mbona mkubwa?" Ni utani, lakini utani wa ungo ukizidi unakuwa jambo jingine, na jioni moja mwenyekiti wa mtaa akaja na fimbo yake.

"Mwanangu, watu wananiuliza, na mimi sina la kuwajibu."

"Karibu mzee, kaa ndani uone mwenyewe."

Akakaa kwenye kiti, akashika usukani, akausukuma mbele, akageuka kutazama mkia ukicheza. Kimya. Kisha akauliza, "Breki iko wapi?" Haikuwepo. Mchoro haukuwa nayo na mimi sikuifikiria. Kesho yake nikafunga breki za baiskeli, na maneno ya ungo yakapungua, maana sasa mwenyekiti ndiye aliyekuwa anawaeleza watu inavyofanya kazi.

Injini nilipata iliyotumika, Rotax 447, ile ya kuchanganya oili na petroli: lita tano za petroli, mililita 100 za oili. Inakaa nyuma ya kichwa cha rubani na propela inasukuma. Ni nzito kuliko injini ya kwenye mchoro, na hapo ndipo ilipoanza kazi ambayo hakuna anayeipiga picha: kupima uzito.

Mizani inayotosha niliipata kwenye ghala la tumbaku. Karani alizunguka fremu mara mbili, akasema, "Hii tuiweke daraja gani?" Ilikuwa na kilo 141 ikiwa tupu. Marekani, ndege ya kiti kimoja isiyozidi kilo 115 hurushwa bila leseni. Sheria hiyo si yetu, ila ilinionyesha nilivyonenepesha yangu. Nikarudi nyumbani, nikaanza kupima kitu kimoja kimoja kwa mizani ya duka. Magurudumu yalikuwa ya toroli. Nikaweka ya baiskeli ya mtoto. Vyuma bapa vya kushikia viungo nikavichonga upya kwa alumini. Fremu nzima nilikuwa nimeipaka rangi ya mafuta mikono miwili, nikaikwangua yote kwa msasa wiki nzima. Ikashuka hadi 128.

Kumbe uzito wenyewe ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni unakaa wapi. Mizani ni moja na magurudumu ni matatu, kwa hiyo unapima gurudumu moja huku mengine yamesimama juu ya matofali ya kimo kilekile, ndege ikae sawa. Nikiwa kitini, mimi na kilo zangu 68, gurudumu la mbele lilionyesha kilo 16 tu. Nikapiga hesabu: kitovu cha uzito, yaani pale ndege inapojisawazisha, kiko sentimita 47 nyuma ya ukingo wa mbele wa bawa. Mchoro unataka kati ya 35 na 45. Sentimita mbili zinaonekana mzaha, lakini ndege yenye mkia mzito huinua pua na kukataa kuishusha. Nikasogeza kiti mbele sentimita 15, betri ya kilo tatu nikaitoa nyuma ya kiti nikaipeleka puani. Tukapima tena: gurudumu la mbele kilo 24 na ushee, kitovu kwenye 40.

Oktoba tukaipeleka shambani kwa binamu, njia ya Sikonge, karanga zikiwa zimeshang'olewa na ardhi imesawazishwa kwa gogo na ng'ombe. Mimi si rubani na sikuruka. Nilikimbiza tu ardhini, usukani nikiuvuta taratibu mpaka gurudumu la mbele linyanyuke, kisha nakata moto. Dogo alipanga matofali kila mita kumi. Saa moja asubuhi gurudumu linanyanyuka kwenye tofali la nane. Saa nane mchana, jua la Tabora likiwa utosini, linapita la tisa ndipo linyanyuke. Mji wetu uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa tayari ni nyepesi, na joto linaipunguza zaidi. Bawa linakosa cha kushika na injini inakosa cha kuvuta.

Sasa mvua zimeanza, mabawa yamening'inia sebuleni. Nimewaandikia Mamlaka ya Usafiri wa Anga kuuliza utaratibu wa ukaguzi, na nikijibiwa, atakayeirusha kwanza ni mwenye leseni. Wakati huo natafuta pa kupunguza kilo tatu nyingine. Mama watoto anasema anajua zilipo, na anatazama kitambi changu.