Huduma za macho ziwafikie wazee na watoto

Wiki hii nilimsindikiza mama yangu mzazi katika hospitali ya wilaya, alikofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na bandeji ilipoondolewa alisoma mwenyewe tarehe iliyoandikwa kwenye kadi yake. Namshukuru Mungu, na nawashukuru wauguzi waliomhudumia kwa upole. Upasuaji ulifanyika kwa ganzi, lenzi iliyofifia ikatolewa na kuwekwa ya bandia, wala haukuchukua muda mrefu. Kilichochukua muda mrefu ni miaka aliyokaa nyumbani akiamini kwamba kutoona ni sehemu ya uzee, kwa kuwa zahanati ya kijijini haina mtu wa kupima macho.

Kwenye benchi la kusubiri alikuwapo mama kijana aliyempakata mtoto mwenye doa jeupe katika mboni. Alipewa rufaa kwenda hospitali ya kanda, kwa sababu mtoto huhitaji nusukaputi na daktari bingwa, na nauli hakuwa nayo. Hilo limeniumiza sana. Mzee aliyechelewa kwa kawaida huona tena baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho, lakini mtoto akichelewa ubongo wake hukosa kujifunza kuona, na doa kama lile huweza hata kuwa saratani.

Naziomba halmashauri zetu ziwafundishe wahudumu wa kliniki za mama na mtoto kukagua mboni za kila mtoto anayeletwa kwa chanjo, na zitenge fedha za nauli kwa wanaopewa rufaa.