Funguo Nilizichukua Wakiingia

Mwaka juzi, kwenye sherehe ya kufunga mwaka hapa kwangu, nilimng'ang'ania shemeji mlangoni saa saba usiku anipe ufunguo wa gari. Alicheka, akanipita, akawasha akaondoka. Kwake alifika, ila kioo cha pembeni kilibaki njiani, na hakukumbuka alikogonga. Wiki nzima niliomba iwe ni nguzo.

Mwaka jana sikungoja mlangoni. Pombe huanza kuharibu uamuzi kabla miguu haijayumba, kwa hiyo kumuuliza mtu aliyekwisha kunywa kama anaweza kuendesha ni kupoteza muda. Atasema anaweza, na anaamini kabisa. Siku tatu kabla nilimpigia simu kila mwenye gari: "Utalala hapa, utarudi na nani, au hunywi?" Wengine walinuna. Mmoja aliniita polisi. Dada yangu alikubali kuwa dereva wa usiku huo, na tukaelewana asionje hata tone, maana yule dereva wa "nimekunywa kidogo tu" ndiye niliyekuwa namkimbia. Magodoro matatu niliyatandika sebuleni mchana kweupe. Mtu akikuta pa kulala pako tayari, haoni haya kubaki.

Mlangoni niliweka bakuli. Kila dereva anayekunywa alitia ufunguo wake humo akiwa na akili zake timamu, na wa kuutoa alikuwa dada peke yake. Mimi nilijitoa, kwa sababu nami nilikuwa nakunywa.

Aliyenikuta sijajiandaa ni mjomba, asiyegusa pombe tangu ujana wake. Alikuwa na mafua, kameza dawa zile zinazoleta usingizi, na saa nne usiku tayari alikuwa anasinzia kitini, ufunguo mfukoni. Sikuwa nimemfikiria hata kidogo. Dada alimrudisha kwake kwa upole, akisingizia kwamba anataka kulijaribu gari lake.

Kazi kubwa ikawa alfajiri. Saa kumi shemeji kasimama mbele ya bakuli. "Nimelala, nimeoga, kahawa nimekunywa. Dada, nipe ufunguo." Kumbe wengi tunaamini hivyo. Kahawa na maji baridi humwamsha mlevi, hazimlevui. Kinachoiondoa pombe ni ini, nalo haliharakishwi na mtu. Hata kushiba huichelewesha tu pombe kuingia kwenye damu.

Dada akachukua kalamu. Chupa 5 za mililita 500, kilevi asilimia 5: karibu gramu 100 za pombe tupu. Ini la mtu mzima kwa kawaida huondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa, maana yake saa 10 mpaka 14 tangu glasi ya kwanza. Yeye alianza saa mbili usiku.

"Zimepita saa 8, shemeji. Hata ungekuwa na ini la simba, bado."

Alitazama ile karatasi muda mrefu, akatafuta kosa la hesabu, akakosa. Akarudi kwenye godoro akigeukia ukutani.

Saa sita mchana dada alimkabidhi ufunguo. Nilimwona dirishani akilizunguka gari, akakigusa kile kioo kipya, akakirekebisha, kisha akaingia.