Daktari yuko mbali ila simu ipo
Mi naamini kabisa simu inaweza kuokoa mtu kijijini, na wala haihitaji video. Nesi anapiga picha ya kidonda, anaweka rula pembeni ili ukubwa uonekane, anaandika presha na joto la mgonjwa, anatuma, mtandao ukisuasua picha itachelewa ila itafika, daktari bingwa wa mbali akipata nafasi anajibu na mgonjwa hajasafiri siku nzima kwa swali la dakika tano. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) walitoa mwongozo unaokubali huduma hizi, ila ziongezee zile za kawaida, zisizifute. Hapo ndo naumia jamani, maana ushauri bila dawa kabatini hautoshi, na mama anayevuja damu bado anahitaji gari, tena sasa hivi.