Nani aliyepanga mgomo uwe Krismasi?

Mkataba wa wafanyakazi wa treni na mabasi ya jiji la New York ulikuwa unakwisha usiku wa manane wa tarehe 15 Desemba 2005. Naanza na tarehe hiyo makusudi. Mtoto wa kaka yangu ameandika kwenye kundi letu la familia kwamba mtu anayegoma wakati wa sikukuu hana huruma, anatafuta siku ambayo wenzake wataumia zaidi. Ni kijana mwema, na wengi kundini walimuunga mkono. Mimi Desemba ile, walipogoma, nilikuwa Brooklyn, humohumo New York. Nilimjibu kwa maneno machache, lakini jambo lenyewe halimaliziki kwa maneno machache.

Hakuna dereva wala mfagia vituo aliyekaa akachagua Krismasi. Mkataba uliotangulia nao ulikwisha 15 Desemba, mwaka 2002, na ule wa kabla yake hivyohivyo, 1999. Tarehe hiyo ilitiwa saini na pande zote mbili. Aliyeona ni hatari kuuacha mkataba wa watu wanaolibeba jiji zima ufe siku kumi kabla ya Krismasi alikuwa na miaka mitatu ya kusema tuihamishe.

Mazungumzo yalivuka tarehe, yakaburutwa siku nne zaidi, na alfajiri ya Jumanne tarehe 20 chama chao, TWU Local 100, kikatangaza mgomo. Wafanyakazi takriban 34,000 waliweka kazi chini, na safari zipatazo milioni saba kwa siku zikasimama. Mgomo wa mwisho wa namna hiyo ulikuwa wa 1980. Wa kabla yake ulianza 1 Januari 1966, siku ya Mwaka Mpya yenyewe, kwa sababu na mkataba ule ulikuwa umekwisha mkesha wake. Baada ya mgomo huo wa 1966 ndipo jimbo lilipotunga ile wanayoiita Sheria ya Taylor, inayowakataza watumishi wa umma wa New York kugoma kabisa. Kwa hiyo waliogoma 2005 walijua wanavunja sheria, na walijua bei yake: kila siku ya mgomo ingewagharimu mshahara wa siku mbili. Siku ileile ya kwanza jaji akakipiga chama chao faini ya dola milioni moja kwa siku.

Sasa waligombea nini? Hapa ndipo ninapotaka huyu mwanangu wa kaka asome polepole. Kwenye mishahara walikuwa wamekaribiana. Fundo lililobaki lilikuwa pensheni. Mamlaka ya usafiri, MTA, ilitaka kwanza umri wa kustaafu upandishwe kutoka 55 hadi 62, kisha ikalegeza, ikasema basi wachangie asilimia 6 ya mshahara badala ya 2. Nani wachangie? Wafanyakazi wapya, wale ambao walikuwa hawajaajiriwa bado. Walioshika mabango kwenye baridi pensheni zao wenyewe zilikuwa salama. Wangeweza kusaini, wakala Krismasi yao, na mtu asiyejulikana jina wala sura angekuja kulipa miaka ya mbele. Walikataa. Magazeti yaliandika kwamba pendekezo lile lingeiokolea mamlaka chini ya dola milioni 20 kwa miaka mitatu. Mwaka huohuo mamlaka ilikuwa na ziada ya takriban dola bilioni moja, na meya, Michael Bloomberg, alikuwa akisema jiji lingeweza kupoteza hadi dola milioni 400 kwa siku moja ya mgomo. Nikiziweka hesabu hizo pamoja, siwezi kusema aliyekosa huruma ni dereva peke yake.

Tuliishi Flatbush, na ghorofa ya juu yetu alikaa mama mmoja wa Trinidad, dereva wa basi. Kulikuwa na watu wengi wa visiwa kwenye kazi ile. Hata rais wa chama chao, Roger Toussaint, alizaliwa Trinidad na aliingia kazini kama mfanya usafi. Jirani yangu huyu alinifundisha mengi kuhusu kazi ambayo mimi niliiona kupitia mlango wa mbele tu, nikipanda na kuchanja kadi. Alikuwa hanywi maji asubuhi. Chupa yake ya chai aliibeba kwenye mkoba, ikasafiri naye zamu nzima, akaja kuifungua jikoni kwake jioni, kwa sababu mwisho wa njia yake hapakuwa na choo cha uhakika, na kusimamisha basi lenye abiria kuomba choo dukani kungemletea barua. Barua ndilo lililokuwa neno zito kwao. Mamlaka ile ilitoa barua za nidhamu takriban 15,000 kwa mwaka, kwa nguvukazi ya watu 34,000. Aliniambia anaweza kuvumilia mshahara, lakini amechoka kushughulikiwa kama mtoto mtukutu, mwanamke wa miaka hamsini na ushee.

Wiki ile alikuwa amebakiza malipo ya mwisho ya baiskeli ya mjukuu wake, aliyoiwekesha dukani tangu Oktoba akiilipia kidogo kidogo. Hakuimalizia. Ninapoambiwa wagomaji waliharibu Krismasi za watu, namkumbuka yeye kwanza, kwa sababu yake iliharibika na alijua tangu mwanzo kwamba itaharibika.

Lakini sitaficha upande wetu. Mimi nilikuwa namhudumia mzee mmoja nyumbani kwake, upande wa Lower East Side, Manhattan: kumwogesha, kumpikia, kumpa dawa kwa saa zake. Bila treni, njia ilikuwa kufuata Flatbush Avenue hadi Manhattan Bridge, kuvuka mto, na kushuka upande wa pili, kwenye baridi iliyo chini ya sifuri. Mwenzangu wa zamu ya usiku, dada kutoka Haiti, hakuweza kurudi kwake Bronx, akalala palepale kwenye kochi la mzee hadi mgomo ulipokwisha. Miadi ya mzee hospitalini ilipita. Niliogopa. Mtu anayesema mgomo ule haukuumiza wanyonge hakuwepo.

Jiji liliweka sharti kwamba asubuhi gari lolote linaloingia Manhattan kusini mwa barabara ya 96 liwe na watu wanne. Basi watu wakawa wanasimamisha magari yao na kupakia wasiowajua, ili tu watimie. Asubuhi moja nilipanda gari la fundi wa mabomba, mimi na kijana mmoja mkimya, na nesi aliyekuwa amevaa raba na sare chini ya koti. Fundi alianza kuwasema madereva kabla hatujafika darajani. Yeye hana pensheni, alisema. Ana mgongo mbovu, atafanya kazi mpaka afe, na kodi yake ndiyo inayowalipa hao wanaotaka kupumzika na miaka 55. Nesi alimwacha amalize. Kisha akamuuliza, wao wakinyang'anywa, wewe utapewa? Fundi akanyamaza kidogo, akasema si hoja. Nesi akasema ndiyo hoja pekee. Wakabishana daraja zima, kwa sauti kubwa, na tulipoteremka Canal Street fundi alikataa kupokea hela yetu ya mafuta.

Nimemfikiria fundi yule mara nyingi. Hakuwa mtu mbaya na uchungu wake ulikuwa wa kweli. Alimtazama mtu aliyempita kidogo, akamwona ndiye aliyemnyima. Mjadala wote wa wiki ile, kwenye redio, kwenye foleni, makanisani, ulikuwa na sauti yake. Na nadhani mwanangu naye, bila kujua, anasema maneno ya fundi.

Kwangu mimi jambo lilikuja kuwa wazi nilipopokea malipo. Wakala aliyetuajiri alihesabu saa zangu tangu dakika niliyofika mlangoni kwa mzee, na yule dada wa Haiti aliyelala kazini siku zote zile alilipwa zamu zake za kawaida tu. Tulipouliza, tukaambiwa mgomo ni wa madereva, mkawaulize wao. Lakini mkono uliokata saa zetu ulikuwa wa ofisi yetu. Mzee alihudumiwa, malipo ya huduma yake yalilipwa, na sisi ndio tuliogharamia daraja. Hatukuwa na chama wala mkataba wa pamoja. Madereva walikuwa na vyote viwili, na hiyo ndiyo tofauti niliyoiona kati yangu na jirani yangu wa juu.

Meya alisema viongozi wa chama wameipa New York mgongo kihuni. Kwenye chama ambacho wengi wake ni weusi na Walatino, neno lile lilichoma, na hata watu waliokuwa hawautaki mgomo walilikataa. Toussaint alijibu kwamba juu ya sheria kuna wito wa haki, akamtaja Rosa Parks, mwanamke mweusi aliyekataa kumpisha mzungu kiti kwenye basi na aliyekuwa amefariki Oktoba ya mwaka uleule: mama huyo angetii sheria, alisema, wengi wanaoendesha mabasi leo wangekuwa wamekaa viti vya nyuma.

Alhamisi tarehe 22, mchana, viongozi wa chama walipiga kura ya kurudi kazini, na Ijumaa asubuhi treni zilitembea. Krismasi iliwakuta watu wanasafiri. Yaliyofuata hayakutangazwa sana huku kwetu. Chama kilitozwa dola milioni 2.5. Toussaint alihukumiwa siku kumi jela, na Aprili 2006 alikwenda kuitumikia kwa miguu, akivuka Brooklyn Bridge na wafuasi wake. Pendekezo la pensheni ya wapya liliondolewa, badala yake wafanyakazi wakatakiwa kuchangia asilimia 1.5 ya mshahara kwa bima ya afya. Wanachama waliupigia kura mkataba huo wakaukataa kwa tofauti ya kura saba, 11,234 kwa 11,227. Jirani yangu alikuwa miongoni mwa waliokataa. Mwishowe mambo yaliamuliwa na wasuluhishi, kwa masharti yaleyale kwa sehemu kubwa.

Na muda wa mkataba mpya? Miezi 37. Haukuwa 36 kama kawaida. Mwezi mmoja ule uliongezwa ili tarehe ya kwisha itoke 15 Desemba iende 15 Januari, sikukuu zikiwa zimepita. Kwa hiyo kumbe iliwezekana.

Nyumbani Tanzania tunalijua hili kwa sura nyingine. Tarehe 10 Aprili 2015, Ijumaa ya wiki ya Pasaka, watu bado wako njiani kurudi makazini na shuleni, madereva wa mabasi waligoma. Walikuwa wanatakiwa kurudi darasani kwa gharama zao kila wanapohuisha leseni, wamechoshwa na faini za tochi za polisi za kupima mwendo, na juu ya yote walidai mikataba ya ajira. Ubungo, kituo kikuu cha mabasi cha Dar es Salaam wakati ule, polisi walipiga mabomu ya machozi. Waziri wa Kazi wa wakati huo, Gaudentia Kabaka, alikwenda kuzungumza nao. Mwanzoni mwa Mei wakagoma tena. Kaka yangu, baba yake huyu kijana, alikwama Ubungo na mizigo yake, na mpaka leo akisikia neno mgomo anakunja uso. Namwelewa.

Ila niulize. Kila Desemba nauli za kwenda Moshi, Arusha na Bukoba zinapanda, tiketi zinalanguliwa, LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, inatoa maonyo, watu wanalalamika na wanalipa. Mwenye basi akitumia msimu kupata zaidi tunasema ni biashara, ndiyo sikukuu. Mwenye gesti anapandisha, mwenye mbuzi anapandisha. Dereva anayelala chini ya basi lake apate saa mbili tatu kabla ya kugeuza, akisema msimu huu ndio wakati wangu pia wa kusikilizwa, huyo tunamwita katili. Angegoma mwezi wa pili, mabasi yakiwa nusu tupu, nani angekuja kumsikiliza?

Mwanangu ameniuliza: "Shangazi, na kama ungekuwa na mgonjwa ndani ya basi?" Ni swali halali. Ningekasirika sana, na ningetaka taarifa itolewe mapema na wagonjwa wapitishwe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka utaratibu: mgogoro uende kwa usuluhishi CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kura ipigwe, taarifa ya saa 48 itolewe, ndipo watu wagome. Ni utaratibu mzuri kuliko wa New York, ambako hawaruhusiwi kabisa. Lakini unamtaka mtu awe na ajira inayoonekana, na dereva anayelipwa kwa tripu, bila karatasi, atakwenda CMA na nini mkononi?

Ninachodai mimi, na nimemwambia hivyo, ni kwamba LATRA isitoe leseni ya njia kwa tajiri asiyeonyesha mikataba ya madereva na makondakta wake, mikataba yenyewe, si orodha ya majina. Na mikataba hiyo iwe na tarehe ya kwisha. Wakitaka isiangukie sikukuu, waiweke katikati ya Januari kama walivyofanya kule, lakini waijadili na madereva wenyewe na waweke kitu mezani, maana watakuwa wanamwomba dereva aache wakati pekee ambao nchi nzima inamhitaji.