Kutoka Lindi hadi kanisa la Mkunazini

Anayetoka Lindi kwenda kuona kanisa la Waanglikana la Mkunazini, Zanzibar, atenge kabisa fedha ya gesti ya Dar. Basi la alfajiri likikwama Somanga, pale mvua za Mei 2024 zilipokata barabara, au likinasa kwenye foleni ya Mbagala, boti ya mwisho imekupita. Bandarini kuna nauli ya mwenyeji na nauli ya mgeni, na zimeachana mno. Shika kitambulisho cha taifa mkononi, vinginevyo utabishana dirishani huku waliopanga nyuma yako wakisonya.

Ukishuka Malindi, bandari ya Unguja, achana na papasi, yaani dalali wa watalii, anayedai kanisa liko mbali. Fuata Barabara ya Benjamin Mkapa (rais wetu wa zamani, mtoto wa Lupaso kule Masasi, kafika hadi huku!), pita soko la Darajani, kisha ingia kulia. Ni mwendo wa mguu tu.

Tiketi moja inatosha kwa maonyesho ya biashara ya utumwa, vyumba vya chini vinavyosimuliwa kufungiwa watumwa, na kanisa. Kasoro ni kwamba muda huishia chini. Mwongozaji niliyempata alipita kanisani kama anayekimbia mvua, ikabidi nirudi ndani peke yangu.

Na ndani ndiko kwenye mambo. Soko la watumwa lililokuwa hapa lilifungwa Juni 1873 kwa mkataba wa Sultani Barghash. Krismasi ya mwaka uleule likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Ujenzi uliongozwa na Edward Steere, askofu kuanzia 1874. Matao yamechongoka Kigothi, lakini ukiangalia juu huoni boriti: paa lote ni kuba refu la chokaa na matumbawe yaliyopondwa, lililokamilika 1879. Nguzo fulani za nyuma zimesimama kichwa chini. Inasimuliwa mafundi walizisimamisha hivyo Steere akiwa safarini. Duara la marumaru nyeupe mbele ya madhabahu linaonyesha palipokuwa na mti wa kuchapia watumwa. Steere mwenyewe, aliyefariki 1882, amezikwa nyuma ya madhabahu. Tafuta pia msalaba mdogo wa mbao: umetoka kwenye mti wa Chitambo, Zambia, ulipozikwa moyo wa mmisionari David Livingstone.

Kinachokera ni kusini kwetu, Lindi na Mtwara, kutotajwa. Wengi waliouzwa hapa walipakiwa Kilwa Kivinje, ambayo basi letu huiacha pembeni pale Nangurukuru. Tena Steere huyuhuyo, mwaka 1876, aliondoka Unguja na kundi la watumwa walioachwa huru, wakashukia Lindi, wakakanyaga njia kuelekea Ziwa Nyasa. Wakakomea Masasi, wakajenga, na kanisa la Masasi limeanzia hapo. Mwongozaji aliposikia natoka Lindi, aliniuliza bei ya korosho.

Jumapili asubuhi usiende kutalii, ni wakati wa ibada. Siku nyingine wahi kabla makundi ya mahotelini hayajafika, maana yakishaingia, hizo nguzo utaziona kupitia mabega ya watu.