Taya la papa kwa meza yetu ya jikoni

Mjomba aliingia Nairobi na basi la usiku kutoka Malindi, na kwa begi lake, katikati ya maembe, alikuwa amefunga taya la papa na gazeti. Kavu kabisa, bado linanuka chumvi. Binti yangu ana miaka 6 na jino lake la mbele linacheza, basi akaliweka lile taya kwa meza akaanza kuhesabu meno akakwama, maana nyuma ya safu ya kwanza kuna nyingine, na nyuma yake nyingine tena, zimelala kuelekea kooni kama vigae vya paa.

Nikagusa moja la mbele likatoka. Hakuna shimo! Mimi gego langu liking'olewa mwaka jana daktari alivuta mpaka jasho likamtoka, kwa sababu letu limezamisha mizizi kwa mfupa. La papa limeshikwa na ufizi tu, na hata taya lenyewe si mfupa, ni gegedu, kama ya sikio. Ule ufizi unasogea mbele polepole umebeba meno, la mbele likidondoka la nyuma linainuka linashika nafasi, kwa papa wengine ni siku chache, wengine wiki kadhaa, na maji yakiwa baridi mwendo unapungua. Kuna papa mdogo wa kina kirefu anayeng'oa safu nzima ya chini kwa mpigo mmoja, na anaimeza!

Sasa kilichonigusa sana ni hiki, meno ya papa yanaoteshwa na utando ulio ndani ya ufizi, na sisi pia tunazaliwa na utando kama huo, ndio unatupa meno 20 ya utotoni halafu 32 ya ukubwani, kisha unayeyuka. Wa papa hauyeyuki, unafanya kazi mpaka anakufa, ndio maana anatoa maelfu.

Jioni nikammulika mtoto mdomoni na tochi ya simu. Nyuma kabisa kuna gego jipya limechomoza, na hakuna jino lililotoka kulipisha, kwa hivyo wazazi wengi tunadhani ni la utotoni, tunaliacha litoboke eti litatoka tu. Jamani hilo ni la ukubwani, na likienda halina mwenzake nyuma. Juu lina vijishimo ambapo mandazi yanajificha. Nikamshika kidevu nikalisugua mwenyewe taratibu, yeye macho kwa lile taya, na kesho kabla gari la shule halijapiga honi tunarudia.