Rosta ya kwenye friji

Leo niko DO, yaani siku yangu ya kupumzika, mdogo kalala, nguo ziko kwenye ndoo zinasubiri. Kuna dada mmoja wa kanisani aliniuliza juzi, "Hivi wewe na hizo zamu zako, watoto unalea saa ngapi?" Sikumjibu vizuri. Basi naandika Jumanne yangu ya wiki iliyopita, tangu nilipoamka. Mimi ni mkunga, nafanya kazi leba katika hospitali moja ya serikali hapa Dar, nakaa Kimara.

Saa 10:10 alfajiri

Alamu bado. Kinachoniamsha ni maziwa. Mdogo wangu ana miezi mitano na wiki mbili, na kifua changu kinajua saa zake kuliko simu. Ananyonya kulia huku amefumba macho. Kushoto nakamua kwa mkono, kwenye kikombe cha stili nilichochemsha usiku. Pampu niliwahi kununua Kariakoo, ikafa kabla ya wiki mbili kuisha. Tangu hapo ni mkono tu.

Nikitoka chumbani, dada ameshawasha gesi. Ndiye anayetusaidia kazi za nyumbani, jina lake naliacha. Ana miaka 24, kwao Singida, yuko nasi mwaka wa tatu. Tunapishana jikoni bila maneno mengi: yeye chai na chapati za mkubwa, mimi kikombe changu nakihamishia kwenye kopo, naandika saa kwa kalamu, natia friji. La jana mbele, la leo nyuma. Humo mna chakula cha mtoto cha mchana mzima, na atanyweshwa kwa kikombe na kijiko. Chupa ya chuchu siitaki nyumbani kwangu, nimeona watoto wengi mno wamelazwa kwa kuhara.

Saa 11:30

Mkubwa ana miaka tisa, darasa la tatu. Namwacha amelala, gari la shule linampitia saa 12 na dakika kumi, na atakayemvalisha soksi ni dada.

Kwenye mlango wa friji kuna rosta yangu ya mwezi: M asubuhi, E jioni, N usiku, DO mapumziko. Niliibandika mimi, ila anayeisoma ni mkubwa. Kila penye N kachora mwezi mdogo kwa penseli. Mara ya kwanza nilipoona nikataka kulia, nikidhani ni huzuni. Kumbe bwana anapanga mambo yake. Hela ya mchezo anaomba siku ya DO nikiwa nimelala vya kutosha, na matokeo mabaya ya jaribio ananipa asubuhi nikitoka N, wakati sina nguvu ya kugomba. Mtoto wa mama wa zamu huyo.

Saa 11:50

Kituo cha Kimara Mwisho. Foleni ya mwendokasi saa hizi ni ya wanawake: wauguzi, walinzi wa kike, mama lishe na ndoo zao, mabinti wa maduka ya Kariakoo. Tunasukumana kwa adabu mpaka mlango ufunguke, kisha adabu inakwisha. Ni msimu wa vuli, kwa hiyo swali la kila asubuhi ni moja: Jangwani kunapitika? Mto Msimbazi ukijaa, ratiba ya familia yangu nzima inavunjika. Jumanne kulipitika.

Saa 1:30 asubuhi

Tunakabidhiana zamu. Wenzetu wa usiku macho mekundu, leba imejaa, mmoja njia imefunguka sentimita nane, mmoja presha inapanda, mmoja kalazwa tangu jana na ndugu zake wako getini wanataka majibu. Sehemu hii siisimulii sana. Kazi ya leba ni kazi ya leba, ukianza hukumbuki kama una watoto. Nalisema hilo bila aibu. Kuna masaa mazima wanangu hawanijii kichwani, na nadhani fundi wa lori kama mume wangu naye hawazi watoto akiwa chini ya injini, ila yeye hakuna anayemtaka aone vibaya.

Saa 4:00

Kabla ya kuruhusu waliojifungua jana, tunawapa somo. Nimelitoa mara nyingi hata usingizini naweza: miezi sita ya mwanzo maziwa ya mama peke yake, hata maji usimpe.

Mama mmoja akanyoosha mkono kitandani. "Sista, mimi nanunua samaki Feri nakwenda kukaanga. Alfajiri niko mnadani. Hiyo miezi sita ananyonyesha nani?"

Wenzake wakacheka. Mimi nilicheka pia, maana ningesema nini? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inanipa mimi mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, siku 100 nikizaa zaidi ya mmoja kwa mpigo. Siku 84 ni wiki 12. Miezi sita ni wiki 26. Somo ninalofundisha nikiwa na sare, na likizo ninayopewa na sare hiyohiyo, havijawahi kukutana. Na huyu wa samaki hata hizo 84 hana, kwa sababu hana mwajiri. Arobaini ikiisha yuko Feri, pengine kabla.

Kwa hiyo nikaacha somo la karatasi, nikakaa kitandani kwake nikamwonesha kukamua. Gumba juu ya ziwa, vidole chini, nyuma kidogo ya ile sehemu nyeusi. Kwanza sukuma kuelekea kifuani, halafu finya, halafu achia. Usivute chuchu, utaumia na maziwa hayatatoka. Akajaribu, tone. Akajaribu tena, yakaruka hadi kwenye shuka jeupe, wodi nzima ikapiga vigelegele. Nikamwambia joto letu hili maziwa yasikae nje zaidi ya masaa manne, na asiyachanganye ya moto na ya baridi. Akauliza kama anaweza kuyaweka kwenye barafu ya samaki. Nikamwambia ndoo tofauti, mama, tafadhali.

Saa 6:05 mchana

Ujumbe wa dada: "Mama luku inalia."

Mashine ya LUKU ikianza kulia una uniti chache, na zikiisha friji linazima, na friji likizima makopo yangu matatu yanaharibika. Nikajibanza korido, nikanunua umeme kwa simu, tarakimu ishirini zikaja, nikamtumia. Dakika mbili kimya. Kisha: "Imekataa." Nikatazama. Nilinakili tarakimu kumi na tisa. Nikatuma upya. "Imekubali." Huo ndio mchango wangu wa malezi saa sita mchana, tarakimu moja.

Saa 6:40

Stoo ya mashuka. Sheria hiyohiyo inasema anayenyonyesha aruhusiwe hadi masaa mawili kwa siku akanyonyeshe muda wa kazi. Kwa anayekaa jirani na kazini, vizuri sana. Kwangu, Kimara kwenda na kurudi ndiyo hayo masaa mawili yenyewe. Ningefika, nikambusu, nikageuza. Msimamizi wetu ni mtu mwelewa, ananipa dakika ishirini na ufunguo wa stoo. Nakaa juu ya furushi la mashuka, mgongo nimeuegemeza mlangoni kwa sababu komeo limevunjika.

Friji wodini lipo, ila ni la chanjo, na kwenye friji la chanjo hakiwekwi kitu kingine hata kiwe kitakatifu vipi. Basi nina chupa ya chai yenye mdomo mpana, barafu nanunua kwa mama wa juisi nje ya geti. Kenya sheria yao ya afya ya 2017 inamtaka mwajiri awe na chumba cha kunyonyeshea. Nilimwambia msimamizi, akaniuliza kama chumba hicho kina komeo.

Jambo moja kuhusu kukamua: mwili haudanganyiki. Ukiwa na mawazo hayatoki. Nafungua video ya mdogo akicheka, sekunde kumi na moja, naiangalia mara nne tano, ndipo yanaanza kushuka.

Saa 9:10 alasiri

Zamu inaisha saa 9:30. Saa 9:10 binti wa uzazi wa kwanza akanishika mkono, akasema, "Sista usiende." Kichwa cha mtoto kilikuwa kimeshaonekana. Ningeweza kumkabidhi kwa wa zamu ya jioni. Kiutaratibu hakuna ambaye angenilaumu.

Mtoto akatoka saa 9:34, hakulia. Nikamkausha, nikamsugua mgongo, kimya. Dakika ya kwanza ndiyo yote, kila mkunga nchini anafundishwa hivyo. Nikamweka sawa kichwa, barakoa usoni, nikaanza kuminya mfuko wa hewa huku nahesabu kwa sauti. Kwenye hesabu ya thelathini na kitu akakunja uso kama mtu aliyekasirishwa, akalia. Mama yake naye akalia. Mimi kifua kilikuwa kimeloa hadi kiunoni, maana mtoto yeyote akilia sasa hivi maziwa yangu hayaulizi ni wa nani.

Nikamaliza kuandika saa kumi na robo.

Saa 11:20 jioni

Ndani ya mwendokasi nimesimama, chupa ya maziwa nimeikumbatia. Mume wangu akapiga kutoka Tunduma. Ni fundi anayesafiri na malori, foleni ya mpakani ina siku ya tatu. Akauliza watoto wanaendeleaje, nikamwambia wazima, ingawa mimi mwenyewe nilikuwa sijawaona tangu alfajiri. Akirudi kutoka safari, ndugu zake husema mpumzisheni, katoka mbali. Mimi nikitoka N, swali ni chai ipo? Yeye alipopata mtoto sheria ilimpa siku tatu, na siku mbili kati ya hizo alizitumia kutafuta kitanda. Simsemi vibaya, ni mtu mwema. Ila hakuna wa kanisani aliyewahi kumuuliza analea saa ngapi.

Saa 12:45

Nyumbani. Mdogo akanisikia kabla sijavua viatu. Nikakaa pale pale kwenye mkeka wa mlangoni nikamnyonyesha na sare, dada akapokea chupa bila kuambiwa.

Mkubwa akaleta daftari la mawasiliano na shule. Kila siku mzazi anatakiwa asaini kwamba kazi ya nyumbani imefanyika. Nikafungua nione. Jumatatu, sahihi yangu. Ijumaa, sahihi yangu. Alhamisi, ambayo nilikuwa N, sahihi yangu, na ule mkia wa chini umekunjwa vizuri kuliko ninavyoukunja mimi. Nikamtazama dada. Akaangalia sufuria.

"Mwalimu alimwambia asiposainiwa atakaa nje," akasema.

Dada aliishia darasa la saba. Nikasoma zile kurasa za hesabu: kulikuwa na hesabu za kugawanya zilizofutwa zikaandikwa upya, na pembeni kwa mwandiko mwingine, "rudia hii." Kwa hiyo si sahihi tu. Wamekuwa wakisoma pamoja, mezani, usiku niko leba nawaambia wanawake wengine sukuma.

Saa 3:00 usiku

Watoto wamelala. Dada akaja akasimama mlangoni, jambo ambalo hafanyi, kwa kawaida huingia tu.

"Mama, nilikuwa naomba siku nne. Uandikishaji wa awali kule nyumbani mwisho Ijumaa. Wanamtaka mzazi mwenyewe."

Ana binti. Nilijua, alituambia siku ya kwanza. Analelewa na bibi yake, mama yake dada. Jumapili huongea kwa simu, dada anakaa nyuma ya nyumba kwenye ngazi na sauti yake inabadilika. Nilijua yote hayo, lakini sikuwahi kupiga hesabu kwamba mtoto anakua. Anatimiza mitano.

Nitasema lililotokea kichwani mwangu maana ndilo lililonifanya niandike. Kabla sijasema hongera, kabla sijauliza mtoto anaitwaje shuleni, macho yalikwenda kwenye friji. Alhamisi N. Ijumaa N. Namlipa laki moja kwa mwezi, na amri ya mishahara ya 2022 ilimwandikia mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri kima cha chini cha 60,000, kwa hiyo nilikuwa najiona mwajiri mzuri. Na hapo nilipokuwa nimesimama, mwajiri mzuri alikuwa anatafuta sababu ya kusema "wiki ijayo."

Nikamwambia nenda kesho, na usirudi Jumapili, rudi Jumatano. Akasema ahsante mama, akaenda kulala haraka, kama anayeogopa nisije nikabadili.

Saa 3:30

Nikamwandikia mwenzangu wa leba: chukua N zangu mbili, nitakulipa wiki ya Krismasi. Akajibu, "Ningechukua shoga, ila dada wangu naye anaondoka Ijumaa. Mwanawe anaumwa."

Ikabaki mama mkwe, Mkuranga. Huyu naye ana swali lake la siku zote, nani anakulelea wajukuu zangu, na nilijua nikimpigia litakuja. Nikampigia. Nikamweleza dada anakwenda Singida kumwandikisha mwanawe shule, na mimi nina usiku mbili. Akanyamaza. Nikasikia redio yake nyuma.

"Nitapanda basi la asubuhi," akasema. Kisha, "Huyo mtoto wa dada yenu, sare anayo?"

Shule za msingi za serikali hazina ada, lakini sare ni ya mzazi. Nikaenda kugonga chumba cha dada nimuulize. Hakuwa amelala, alikuwa anakunja nguo.

Sare hakuwa nayo.